Moshi wa Mtaa wa Uzioni

Mtaa wa Uzioni,
Tarime.
7 Februari 1993

Mdogo wangu Shaaban,

Assalaam aleikum warahmatullah. U mzima huko Nyakunguru? Kifua kimetulia, au bado kinakoroma kama mashine ya kusaga? Na ile dawa ya mwarobaini niliyokufungia, uliinywa au uliwamwagia kuku? Usiape, niambie tu.

Huku tunapumua, alhamdulillahi. Mwanao Rahima amerefuka amenipita. Juzi muuza chumvi aliniuliza kama mimi ndiye mdogo wake. Alitaka nicheke ninunue. Nilicheka, sikununua. Goti langu ni lile lile, linaijua mvua kabla ya redio. Jirani yetu Mzee Imrani anakusalimu sana. Bado anashona viatu barazani kwake, na bado anajisifu kwamba wewe ni mwanafunzi wake. Wateja wanamuuliza, fundi viatu alimfundishaje seremala? Anawajibu, "Nilimfundisha kukaa kitako mpaka kazi iishe." Akisema hivyo ananitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyekuruhusu uende.

Sasa nikuambie kilichonikalisha na kalamu. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, mtendaji wa kata alipanda juu ya jiwe mbele ya geti la kambi akatangaza kwamba kambi sasa itagawiwa. Najua unacheka. Tangu wanajeshi waondoke tunaambiwa hivyo, mpaka Rahima ameanza shule na kumaliza. Lakini safari hii alikuwa na ramani, aliikunjua watu wakaiona. Soko jipya litakaa kwenye mabweni ya askari, stendi pale yalipokuwa yakilala magari ya jeshi, na upande wa barabara karakana za mafundi. Karakana, Shaaban. Sisi tuliochorwa namba nyekundu ukutani, tukakatazwa kujenga, kuezeka na kuuza, ndio tutakaopewa kwanza. Ila kamati itapita kuhakiki, siku haijulikani, na nyumba itakayokutwa haina mtu namba yake inafutwa.

Jirani yetu Waisiko unaujua mdomo wake. Alisimama hapo hapo: "Mtajuaje kama ina mtu? Mtakuja kulala?"

Mtendaji akamjibu, "Mama, nyumba yenye mtu hufuka moshi. Sisi tutatazama moshi."

Watu walicheka. Lakini kesho yake asubuhi mtaa mzima ulifuka kana kwamba kila nyumba ina harusi, na wenye nyumba hawapo. Zaidi ya nusu ya wanaume wako huko kwenye mawe yenu ya dhahabu. Waisiko anawawashia shemeji zake. Mimi nikishaswali alfajiri nakwenda kwako kwanza, nawasha jikoni, nakaa kidogo moto ushike, ndipo narudi kukaanga vitumbua vyangu. Hata Mseti, yule mlinzi wa kambi, ananiambia kutoka ng'ambo ya waya wa uzio, "Mama Mwanamvua, unampikia nani humo? Jini?" Nikamwambia, wewe unalinda nyasi, mimi nalinda moshi, tusichekane. Yeye angalau amepanda mahindi kwenye uwanja wa gwaride.

Basi njoo. Ulisema kambi ikifunguliwa utarudi, nayo inafunguliwa. Tena kuna neno moja nataka ulijibu kabla ya mengine yote. Uliniapia kwamba kazi yako huko ni ya juu, ya shoka na msumeno: kuchonga matimba, yale magogo ya kuzuia mashimo yasianguke, na kwamba wanaoshuka chini ni wengine. Bado ni hivyo?

Ramadhani iko karibu. Nitafurahi tukifuturu pamoja.

Dada yako,
Mwanamvua


Nyakunguru
28 Machi 1993

Dada Mwanamvua,

Shikamoo. Idd njema, wewe na Rahima na mtaa wote. Nisamehe kwa kuchelewa. Okinyi mwenye lori alikaa na barua yako mfukoni akaenda nayo mpaka Isebania akarudi, akaniletea imejaa mafuta ya breki. Maneno mengine nimeyasoma kwa kukisia, lakini ya mwarobaini yalionekana vizuri. Niliinywa. Nusu.

Idd tuliswali chini ya turubai la kukaushia mihogo, watu tisa na mbuzi mmoja aliyekuja mwenyewe. Mzima niko. Nimekonda kidogo, huku kila mtu amekonda, hata mbwa wa mwenye shimo.

Habari ya kambi imenifurahisha mpaka nikawaamsha wenzangu. Nikawaambia, mnamwona huyu? Ana karakana barabarani. Wakanipa jina, sasa naitwa Karakana.

Lakini dada, kuja sasa hivi siwezi. Nikueleze utaratibu wa huku. Shimo ni la Kisyeri, hapa wanaliita duara. Tumelichimba tangu mwaka juzi na bado hatujaufikia mwamba wenye dhahabu. Wote tunafanya kazi kwa kula tu. Siku mawe yakianza kutoka, kila mtu anapewa fungu lake, mifuko kadhaa, anakwenda kuisaga. Na sheria ni moja: fungu ni la aliyepo. Mtu aliyejizika kazini miaka miwili, akienda kwao msibani, mawe yakatoka nyuma yake, basi. Nimeona kwa macho yangu. Alirudi akakaa ukingoni analia kama mtoto, na watu wakampisha wakaendelea kubeba.

Kisyeri anasema bado kidogo. Na kiwanja bila mtaji ni nyasi tu, nitamrithi Mseti mahindi yake.

Asante kwa moto. Mungu akulipe. Ila naomba uniangalizie kitu kimoja. Nyuma ya kitanda changu, chini ya magunia, kuna zile mbao za mninga nilizozileta kutoka Ikoma. Ndizo mlango wa karakana na meza ya kufanyia kazi, nimeshazipima kichwani kila moja itakaa wapi. Zigeuze mara moja moja mchwa wasije. Baba alikuwa anasema seremala asiye na ubao mkavu ni mpiga soga.

Kazi ya matimba inaendelea vizuri.

Mdogo wako,
Shaaban


Mtaa wa Uzioni,
Tarime.
23 Mei 1993

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Huku masika yametushika shingoni. Hujambo? Nguo zinakauka? Rahima amekushonea fulana nzito, nimempa Okinyi pamoja na barua hii, nikamwapisha asiifanye ya kufutia kioo.

Kamati haijaja. Tuliambiwa wangekuja baada ya Idd, kisha wakasema mvua, sasa wanasema kuna sahihi moja inangojewa kutoka jeshini, na jeshini wanangoja ya wizarani. Sisi tunangoja moshi. Soko la zamani limejaa maji mpaka wauza dagaa wamehamia barabarani, malori yanawapigia honi yanapita na vumbi lao, siku hizi matope. Ndani ya waya pamekauka, pamesakafiwa, pana paa, hapana mtu. Unapita unaangalia kama mwenye njaa anavyoangalia chungu cha jirani.

Na ule mzunguko wa uzio utatuua. Awino, mkwe wa Waisiko, alishikwa na uchungu asubuhi mvua inanyesha. Kupita katikati ya kambi hospitali ni hapo tu. Tukambeba mpaka getini, tukamwita Mseti afungue. Maskini alisimama na funguo mkononi: "Mama, nikifungua nafukuzwa." Waisiko akamwambia, "Mura, kijana wangu, fungua ufukuzwe, utapata baraka." Anafikiri, anafikiri, mtoto hakumngoja. Amezaliwa kwenye kibanda cha mlinzi, kwenye koti la Mseti. Mzima, wa kiume. Mtaani wanamwita Afande. Mseti sasa anapita kumsalimu kila siku, ila geti hajalifungua.

Kuni ni shida, Shaaban. Zilizopo zimelowa, na zilizo kavu hazinunuliki. Mama wa kuni anasema miti yote inakwenda Nyakunguru kuwa matimba. Nikamwambia, basi ni mdogo wangu anayekula kuni zangu. Mabati yangu yanavuja juu ya kitanda. Waisiko alibadilisha moja tu kwake, mtendaji akaja akamwambia ameendeleza jengo lililozuiliwa, akalitoa. Mzee Imrani naye ukuta wake wa upande wa uzio una ufa, mkono unaingia. Aliomba ruhusa ya kuuegemezea nguzo. Akaambiwa asubiri kamati.

Lakini moto wako haujazimika hata siku moja. Kuhusu mbao, mchwa hawajazigusa.

Hukunijibu swali langu. Umeniambia kazi ya matimba inaendelea vizuri. Juu au chini?

Dada yako anayekuombea,
Mwanamvua


Nyakunguru
15 Agosti 1993

Dada,

Shikamoo. Natumai goti halijambo na mvua imekuacheni. Fulana nimeipata, ina harufu ya Okinyi lakini ni nzuri, mwambie Rahima nimeivaa mpaka wenzangu wanadai zamu. Mpe pole Awino, na Afande mpigie saluti.

Usinung'unike kwamba nimekaa kimya. Nilikuwa na shughuli nyingi. Mwezi wa sita duara la majirani liliporomoka. Si letu. Sisi tulikwenda kusaidia kufukua, kisha Kisyeri akaogopa akasema matimba yote ya kwetu yaongezwe, nikawa sipati nafasi. Miti yenyewe inayoletwa ni mibichi, ukiipigilia leo kesho inapinda kama mzee anayeinama kuswali. Namwambia Kisyeri, tata, mzee wangu, mti huu haujakauka. Ananiambia, "Na mimi pesa yangu haijakauka, ikikauka tutanunua mti mkavu."

Mawe yako karibu. Tumeona rangi yake. Safari hii si maneno.

Sasa dada, mimi nakujua tangu unanibeba mgongoni. Umeandika mchwa hawajazigusa mbao zangu. Nimeisoma hiyo mara nyingi. Mchwa hawajazigusa, sawa. Nani amezigusa?

Usijibu kwa hasira. Nakuuliza kwa sababu usiku nikikohoa usingizi ukakata, nazipanga. Hii ya juu ya mlango, hii ya chini, hii ya meza. Nikizimaliza nalala. Mtu huku anahitaji kitu cha kupanga.

Kama una nafasi, si uje unitembelee? Kwa lori la Okinyi ni safari ya asubuhi tu.

Kuhusu swali lako, nitalijibu ukijibu langu.

Shaaban


Mtaa wa Uzioni,
Tarime.
3 Oktoba 1993

Mdogo wangu Shaaban,

Assalaam aleikum. Kama uko na watu, soma barua hii ukishakaa.

Rahima mzima. Mimi mzima. Mzee Imrani ametutoka, Allah amrehemu.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha Jumanne. Jumatano asubuhi nilikuwa kwako nakoleza moto nikasikia kishindo. Nilidhani ni lori. Kutoka nje, ukuta wake wa upande wa uzio umelala wote barazani, pale anapokaa kushona. Tulifukua kwa mikono, mimi na Waisiko na wanawake wengine. Wanaume hawakuwepo, unajua walipo. Mseti alikuwa ng'ambo ya waya anatuona. Shaaban, safari hii alilifungua geti. Hakumwuliza mtu. Alikuja mbio na koleo la jeshi, tukampata mzee, na kiatu bado kiko mkononi.

Wiki moja kabla ya hapo aliniambia, akiutazama ule ufa: "Shaaban angekuwepo angenisimamishia timba moja tu. Ruhusa angeiomba baadaye." Sikukuandikia. Niliona nitakuumiza bure. Sasa nimekuandikia.

Na sasa nakujibu la mbao. Masika yalipozidi nilikosa kuni kavu kabisa. Nilianza na vipande vyako vya kona. Nikamaliza maranda. Nikasema ubao mmoja tu, ule wenye jicho, fundi angeutupa. Mwisho wa mvua zilibaki nne. Kila asubuhi niliyochoma nilijiambia nakuokolea karakana. Mninga haufuki sana, unajua wewe mwenyewe, unawaka safi. Ilibidi niuwekee majani mabichi juu ili mtendaji auone. Mwanamke mzima, nimetoka kuswali, nachoma mlango wa ndugu yangu ili asinyang'anywe mahali pa kuuweka.

Hizo nne siku ya maziko zilipata kazi. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa na mwili umeshaoshwa, imamu akauliza mbao za kufunikia mwanandani ziko wapi. Hakukuwa na ubao. Mji mzima, Shaaban. Mafundi wameondoka, vinu vya mbao vinapeleka kwenu. Watu wanatazamana, jua linakwenda. Nikamtuma Rahima, wakaenda na vijana wa Mseti wakazichukua nyuma ya kitanda. Zililingana kama umezipima. Udongo ukamwagwa juu ya mbao, na mzee haukumgusa tena.

Tulipokuwa bado tumekaa matangani mwanawe Ashrafu alinivuta pembeni. Amekuja kutoka Sirari, yeye na mkoba wake wa karatasi za forodha. Akasema, "Shangazi, chumba cha nyuma bado kimesimama. Tafadhali umwashie baba moto. Kamati ikija imkute." Nilimtazama nikajua ana watoto na hana pa kuwaweka. Waisiko ndiye aliyesema, "Wewe kijana, unataka marehemu apike?" Lakini asubuhi yake tuliona moshi. Ashrafu ameuwasha mwenyewe.

Umenialika nije. Ningekuwa nimeshakuja. Nikitoka siku moja nani atawasha kwangu, kwako, kwa jirani aliyesafiri, na kamati ije ndiyo siku hiyo? Nimefungwa na kamba ya moshi, mdogo wangu.

Waisiko ananishauri nikuandikie kwamba kiwanja kimeshatoka, utakuja mbio. Mimi sitakudanganya. Ila nimekujibu. Sasa nijibu na wewe: unashuka?

Mwanamvua


Nyakunguru
12 Oktoba 1993

Dada,

Shikamoo. Poleni. Nimemlilia mzee nikiwa nimefunika uso kwa ile fulana.

Mbao usiniombe radhi. Umezipeleka pazuri kuliko nilipozipanga.

Ndiyo, nashuka. Tangu kabla ya Ramadhani. Matimba hayasimami yenyewe, dada, lazima mtu aende nayo chini ayapigilie, na anayejua kuyapigilia ni mimi. Tangu barua yako nikipiga nyundo namsikia mzee anasema timba moja tu. Nimesimamisha mia kwa ajili ya watu nisiojua hata majina yao.

Natamani kuondoka. Nakuambia kweli, nikipanda juu jioni miguu inataka kwenda yenyewe mpaka barabarani. Lakini mawe yameanza kuonekana, Kisyeri ameweka ulinzi, na atakayetoka amejitoa. Nikija mikono mitupu nitakuja kufanya nini? Nitakaa kwenye karakana bila msumari? Karakana ndiyo iliyonileta huku na ndiyo inayonizuia. Naomba uendelee kuniwashia. Hata kama ni majani makavu. Nikijua moto unawaka kwangu naweza kushuka.

Usimwambie Rahima.

Shaaban


Mtaa wa Uzioni,
Tarime.
21 Novemba 1993

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Assalaam aleikum. U hali gani? Nakuuliza kwa sababu Okinyi amesema mvua huko ni kubwa. Kifua je? Rahima anakusalimu. Anajua. Mtoto wa miaka hiyo huwezi kumficha, alisoma uso wangu siku ile barua yako ilipofika. Tangu siku hiyo sahani yako ameitoa kabatini anaiweka mezani tukila.

Kamati ilikuja jana.

Mseti alinidokeza juzi jioni. Alikuja mpaka mlangoni na mahindi ya kuchoma, akasema, "Mama, kesho kuna wageni, nimeambiwa nifagie getini. Hakikisha nyumba zako zote zinafuka." Nikamshukuru. Nikaswali alfajiri. Nikawasha kwangu. Nikamwashia jirani yetu mke wa Heche, aliye Mugumu kwa mama yake mgonjwa. Kisha nikachukua kaa la moto kwenye kipande cha chungu kama kila siku nikaenda kwako. Nikafungua. Jikoni pako nikaona majivu, jivu la masika yote, la mlango na meza. Nikasimama hapo.

Katika barua yako umesema ukijua moto unawaka kwako unaweza kushuka. Maneno hayo niliyasoma nikayarudia kila siku. Basi ni mimi ninayekushusha. Kila alfajiri nikitoka msikitini kwangu, yaani mkekani, nakwenda kukuteremsha kwenye shimo kwa mikono yangu.

Nikalimwaga lile kaa uani nikalikanyaga. Nikafunga mlango. Nikaenda kukaa barazani kwangu mikono nimeiweka mapajani, na vitumbua siku hiyo sikukaanga.

Walikuja na gari mbili. Hawakushuka wote, mmoja alitoa kichwa dirishani anahesabu. Kwa Ashrafu kulikuwa na moshi, wakaandika. Kwa marehemu Mzee Imrani! Wameandika yuko. Walipofika kwako mtendaji akasema, "Hii?" Wakanitazama mimi. Waisiko akanikanyaga mguu. Akanong'ona, "Mama, sema amekwenda kuchota maji, sema chochote." Ningeweza kusema. Neno moja lilikuwa linatosha. Nikasema, "Mwenyewe hayupo. Yuko Nyakunguru, chini ya ardhi." Kijana mmoja akashuka na kopo la rangi akaipiga msalaba namba yako. Akafuta brashi yake kwenye nyasi, wakaendelea.

Basi sasa huna kiwanja. Sikudanganyi, na sikuombi radhi leo. Ukitaka kunikasirikia njoo unikasirikie hapa, uso kwa uso, nitakupa chai.

Nikueleze na mengine. Namba zetu zilizobaki wamezichora upya kwa rangi ya bluu, na wamesema zoezi linaanza mwanzo, kwa sababu ramani ile ya mwanzo haikupata sahihi. Mwaka ujao, wamesema, Mungu akipenda na bajeti. Yangu ni ya bluu. Kwa hiyo mimi bado nimefungwa hapa, siwezi kuja kukushika mkono nikutoe. Ndiyo maana nimeifungua kamba upande wako.

Na usiseme utakuja kufanya nini. Nyumba yako haina namba, basi haina katazo. Mtendaji mwenyewe nilimwuliza mbele ya watu: "Iliyofutwa inaruhusiwa kutengenezwa?" Akakuna kichwa akasema, "Iliyofutwa haituhusu." Waisiko alipiga kigelegele wakadhani ana wazimu. Ni nyumba pekee katika mtaa huu inayoweza kusimamishiwa nguzo mchana kweupe. Tena kuta zetu sisi wote zina nyufa. Watu wamekaa wakakubaliana kwamba baada ya Mzee Imrani hawataomba tena ruhusa ya nguzo. Wanamngoja fundi. Hawana pesa, wana mahindi, na Mseti anasema miti mikavu ya jeshi iko nyuma ya mabweni inaoza, na kwamba siku hizi usiku halioni vizuri geti lake.

Najua mawe yako karibu. Labda kesho yatatoka na wewe uko njiani, na utanihesabia hilo mpaka tunazikwa. Nimelikubali. Mifuko hiyo waachie. Baba alitoka Pangani na randa moja begani akatulea wote.

Mlango wako nimeuacha na komeo tu. Nimefagia majivu. Moto humo utauwasha mwenyewe ukifika, na safari hii kutakuwa na chungu juu yake.

Okinyi anasubiri barabarani kuichukua barua hii na amekubali kukungoja hapo kwenu mpaka Alhamisi. Kama unakuja, panda. Kama huji, mpe karatasi yoyote, hata yenye neno moja. Nijibu upesi, Shaaban, tafadhali.

Dada yako,
Mwanamvua